Dhahabu ya Rais Ndani ya Ncoolo
Sehemu ya Tisa

Kamba ilikatika.

Mlimwacha Kagwiria ameweka kisu juu ya ile kamba ya ncoolo, na wengine wenu mkasema hatathubutu. Basi hamumjui. Huyu ni mwanamke aliyewahi kufukuza nguruwe mwitu shambani kwa mwiko wa ugali. Alivuta kisu mara moja tu, nyuzi za mgomba zikaachia, majani ya ndizi yakafunguka juu ya meza ya stoo.

Ndani kulikuwa na miraa. Miraa ya miti ya zamani, vichwa vyekundu, mibichi, inayonuka mvua. Na katikati ya miraa, kitambaa chekundu. Na ndani ya kitambaa, sarafu kumi na mbili.

Kila moja ilikuwa na kichwa cha rais wa zamani upande mmoja na mlima upande wa pili. Ziling'aa mpaka dari ya stoo ikapata madoa ya mwanga.

Sasa wewe ambaye si wa huku, sikia. Ncoolo si mzigo wa kupeleka sokoni. Ni fungu la miraa teule ambalo upande wa mwanaume unaleta siku ya kuomba msichana. Hapa Laare hata mtoto wa nasari anajua sheria yake. Fungu likirudi limefungwa, mmekataliwa. Fungu likifunguliwa na baba akatafuna, msichana ameenda.

Na Antony Njagi, kijana wa Embu mwenye koti jeusi, alikuwa amefanya kitu ambacho nchi yetu ya Igembe haijawahi kuona. Badala ya mtamba, badala ya kondoo na asali, alileta sarafu za dhahabu. Za kumheshimu rais aliyestaafu, alisema. Zimetengenezwa chache, alisema, na kila mwaka bei itapanda. Alikuwa ameziuza kuanzia Ishiara mpaka Meru, makanisani na kwa walimu. Leo alizitia kumi na mbili ndani ya ncoolo, akaifunga mwenyewe hapo getini mbele ya wazee sita, halafu akaomba apewe Makandi.

Makandi ni mtoto wa pekee wa Kagwiria.

Kagwiria hakuwa na ubishi mwingi. Alikuwa na swali moja. Wambura, mweka hazina wa akina mama kanisani, alinunua sarafu moja akaiweka kwa kibeti. Kibeti kikanyeshewa. Jumapili iliyofuata sarafu ilikuwa na kutu shingoni mwa rais.

Dhahabu inashika kutu wapi?

Ndiyo maana alikata kamba. Mpango wake ulikuwa rahisi. Afungue, aangalie, afunge tena kabla wageni hawajamaliza kula. Kwani kufunga miraa ni nini kwake? Amefunga miraa ya wanunuzi miaka ishirini. Angefunga hiyo ncoolo macho yakiwa yamefumbwa na hakuna mzee angejua.

Alitoa sumaku kwenye leso. Alikuwa ameitoa asubuhi kwa spika ya redio iliyokufa. Akaishusha polepole.

Sarafu ya kwanza haikungoja. Iliruka. Tak.

Ya pili, tak. Ya tatu na ya nne zikaenda pamoja. Kwa dakika moja marais wote kumi na wawili walikuwa wameng'ang'ania ile sumaku kama kupe kwa sikio la ng'ombe.

"Mama, unafanya nini?"

Kagwiria aligeuka. Makandi alikuwa mlangoni, amevaa kitenge cha kijani alichoshonewa kwa siku hii, nywele zimesukwa mpaka kiunoni.

"Funga mlango," Kagwiria alisema.

"Nimekuuliza unafanya nini na kitu ya Antony."

"Kitu ya Antony inafanya nini na sumaku, hiyo ndiyo uliza."

Makandi aliingia. Aliangalia kamba iliyokatwa, akaangalia majani, halafu akaangalia sumaku.

"Hiyo inaonyesha nini?"

"Ni chuma. Chuma imepakwa rangi ya dhahabu. Dhahabu haishikwi na sumaku, uliza hata fundi wa baiskeli."

"Kwa hivyo fundi wa baiskeli ndiye ataniambia mtu wa kuolewa."

"Afadhali yeye. Yeye ana mafuta kwa mikono, anaonekana ni mtu wa kazi."

"Hujawahi kumpenda Antony. Tangu siku ya kwanza. Ati viatu vyake vinang'aa sana."

"Si vinang'aa? Mtu anatoka Embu mpaka Laare, ashuke kwa vumbi yote hii, na viatu vinang'aa. Alikanyaga wapi?"

Makandi hakucheka. Alinyoosha kidole, akagusa sarafu moja, akakivuta kama ameungua.

"Zote?" aliuliza.

"Zote."

"Zote kumi na mbili, Mama?"

Kagwiria alimtazama mtoto wake. Hiyo sauti haikuwa ya bibi arusi aliyetukaniwa mchumba. Ilikuwa sauti ya mtu anayemuuliza daktari. Alitaka kusema kitu, lakini mlango ulisukumwa, na aliyeingia alikuwa Koome.

Koome ni kaka mkubwa wa bwana yake Kagwiria, na ndiye msemaji wa nyumba hiyo kwa mambo ya arusi. Mzee mrefu, fimbo mkononi, asiyependa kuzungumza na mwanamke akiwa ameketi wala akiwa amesimama.

"Wageni wamenawa mikono," alisema. "Lete ncoolo."

Halafu akaiona.

"Nani amefungua?"

"Mimi, shemeji."

"Wewe."

"Nilitaka kuangalia tu, nifunge tena."

"Ufunge tena. Kwani ni gunia la viazi?"

"Shemeji, angalia hii kwanza."

"Mimi siangalii kitu. Nimekaa kwa mambo ya arusi miaka thelathini, na sijawahi kuona mama ya msichana akifungua ncoolo kwa stoo kama panya." Alifungua mlango wote, akaita nje bila kupaza sauti. "Mbaabu. Njoo uone bibi yako. Na hao wageni waje pia, hii si ya kuficha."

Walikuja. Misheck Mbaabu alitangulia, bwana yake Kagwiria, suti ya kahawia imembana kwapani, uso tayari umekasirika kabla hajajua ya nini. Nyuma yake akaja Antony. Na nyuma ya Antony, mzee Nyamu, msemaji wa upande wa Embu, mtu mnene mwenye ulimi wa asali. Walimleta kama mjomba. Mjomba wa nani, hakuna aliyewahi kueleza.

"Umenifanya nini, Mama Makandi?" Mbaabu alisema. "Mbele ya watu. Umenifanya nini?"

"Njoo hapa, Baba Makandi. Weka mkono."

"Siweki mkono."

"Weka. Halafu unipige ukitaka."

Mbaabu aliegemea meza. Alivuta sarafu moja kutoka kwa sumaku, akaiachilia. Tak. Akaivuta tena. Tak. Mara ya tatu aliiweka mbali, karibu na majani, akasogeza sumaku polepole akiangalia sarafu ikitambaa yenyewe juu ya meza. Hata Koome aliinama.

"Chuma," Mbaabu alisema, kwa sauti ndogo.

"Chuma," Kagwiria alisema. "Umemwambia pastor, umemwambia chifu, umeambia Laare yote mtoto wako analipiwa dhahabu. Unalipiwa misumari."

Kwa dakika hiyo moja, wasomaji, alikuwa ameshinda. Mtu mwingine angemkimbilia Antony pale pale na fimbo.

Lakini Antony hakutoka jasho. Alifungua kifungo cha koti, akapumua, akasema kwa upole, "Mzee Koome, nisaidie. Wakati nafunga hii ncoolo getini, wewe ulichukua sarafu moja. Ulifanya nini?"

"Niliiuma," Koome alisema.

"Ikawaje?"

"Ikaingia. Meno yangu yaliacha alama. Ilikuwa dhahabu, hiyo sitaficha."

"Asante mzee. Sasa tafuta hiyo yenye alama ya meno yako."

Koome alizitoa moja moja kwa sumaku, akazigeuza kwenye mwanga wa mlango. Kumi na mbili. Zote laini, hakuna hata moja yenye alama. Alizihesabu tena.

"Haiko," alisema.

"Haiko," Antony alisema. "Nimefunga dhahabu mbele ya wazee sita. Ncoolo imebebwa mpaka hii stoo ikiwa imefungwa. Aliyebaki nayo peke yake ni mtu mmoja. Aliyeifungua peke yake ni mtu mmoja. Na sasa ndani kuna chuma." Aligeukia Kagwiria. "Mama, dhahabu yangu iko wapi?"

Kagwiria aliona mlango ukifungwa usoni mwake, na ni yeye aliyepeana ufunguo. Kama angengoja, kama angesimama mbele ya wazee na sumaku yake, neno lake lingekuwa na miguu. Lakini alifungua peke yake, kwa siri, na kisu.

"Uliibadilisha ukifunga," alisema. "Mikono yako ni miepesi."

"Mbele ya wazee sita."

"Hata wazee sita wanaweza kulaliwa, macho yakiwa wazi."

"Unasikia, mzee?" Nyamu alimwambia Koome kwa huruma. "Sasa nyinyi ni vipofu."

Koome aligonga fimbo chini. "Mama Makandi, toa mali ya watu."

"Nipekueni. Iteni akina mama wanipekue. Pekueni na stoo."

"Hapana, hapana," Antony alisema, akainua mikono. "Hatuwezi kumpekua mama mkwe. Ni aibu kwangu mimi. Sitaki polisi, sitaki kelele. Tuseme mahari imelipwa, hiyo dhahabu popote ilipo ikae hapa hapa kwa amani. Mimi nichukue Makandi, tuende zetu. Yaishe."

"Huyo ni kijana," Nyamu alisema. "Wangapi wangefanya hivyo?"

Koome alitikisa kichwa kukubali. Kagwiria alimtafuta Makandi kwa macho. Makandi alikuwa amesimama karibu na magunia, mikono imeshika kitenge. Hakumtetea mama yake, na hakumtetea Antony.

Aliyezungumza alikuwa Mbaabu.

"Ngoja kwanza," alisema. Sauti yake ilikuwa nzito, imejaa. "Mke wangu ana mdomo. Hiyo najua mimi kuliko nyinyi wote. Ameharibia mimi siku hii, na hiyo tutaongea naye. Lakini mwizi? Huyu mtu nimekaa naye miaka ishirini na sita. Akiokota shilingi barabarani anauliza kijiji kizima ni ya nani. Wewe kijana unaniambia ameficha dhahabu?"

"Mzee, mimi sijasema..."

"Umesema. Chukua chuma yako, weka kwa gari, urudi Embu. Hakuna msichana hapa."

Kagwiria alishika meza. Miaka ishirini na sita, na ilikuwa mara ya kwanza kusikia bwana yake akimchagua mbele ya kaka yake. Machozi yalimjia na hakuyafuta.

Halafu Nyamu akacheka. Alicheka taratibu, tumbo ndilo lilianza.

"Mzee Mbaabu," alisema. "Unatafuna nini?"

Shavu la kushoto la Mbaabu lilikuwa limevimba. Chini ya meza, karibu na viatu vyake, kulikuwa na vijiti vilivyomenywa, vitano, sita, saba. Katikati ya vidole vyake kulikuwa na kingine, tayari kimevuliwa ganda.

Hakukusudia. Mungu anajua hakukusudia. Lakini ni mwanaume gani wa Laare aliyesimama mbele ya miraa mibichi ya vichwa vyekundu, ubishi umepamba moto, mkono wake ukabaki mfukoni? Mkono ulienda wenyewe. Alipokuwa akiangalia sarafu ikitambaa alikuwa anatafuna. Wakati mke wake anaitwa mwizi alikuwa anatafuna. Hata alipokuwa anasema hakuna msichana hapa, alikuwa anatafuna.

"Baba Makandi," Kagwiria alisema. "Tema."

Mbaabu alitema kwenye kiganja. Ilikuwa kijani. Aliiangalia kama ni ya mtu mwingine.

"Na maji yake?" Nyamu aliuliza. "Si yameshuka?"

"Sikuwa nimekubali," Mbaabu alisema. "Koome. Mwambie. Sikuwa nimekubali kitu."

Koome alifumba macho. Alionekana mzee ghafla. "Mbaabu, mimi ningefanya nini? Ncoolo imefunguliwa ndani ya nyumba yako na mkono wa nyumba yako. Na wewe umetafuna mbele yangu na mbele yao. Wageni wako hapo nje mia moja. Niwaambie nini, ati ulikuwa na njaa?"

"Waambie ni mchezo wa mwizi," Kagwiria alisema.

"Wewe nyamaza. Ni wewe ulikata kamba."

Hiyo ilimchoma, kwa sababu ilikuwa kweli.

Antony alifunga kifungo cha koti. "Makandi, chukua mkoba wako. Tunaenda."

"Haendi," Kagwiria alisema. Alikuwa amefika mlangoni kabla ya mtu yeyote, mgongo kwa mbao, kisu cha miraa bado mkononi. Hakumwelekezea mtu kisu hicho, lakini hakuna aliyesogea. "Atatoka hapa akitaka mwenyewe. Makandi, sitakuuliza mara mbili. Umeona hizo vitu. Unamtaka huyu?"

Makandi alimwangalia Antony.

"Mpenzi," Antony alisema. "Mwambie mama."

"Nimeuliza mtoto wangu."

"Mama, siwezi kukataa," Makandi alisema.

"Huwezi ama hutaki?"

"Siwezi. Ungejua, hungeniuliza."

"Ningejua nini?"

Honi ililia barabarani. Halafu sauti za wanawake, nyingi, zikija kwa haraka, na si sauti za watu waliokuja kula arusi. Kagwiria alichungulia kwenye ufa wa mlango. Pickup ilikuwa imesimama nje ya geti, imejaa vumbi jekundu la nchi ya chini, na wanawake wanane walikuwa tayari wameingia kiwanjani. Aliyekuwa mbele, mwembamba, sweta ya bluu, alikuwa ameinua mkono juu. Katikati ya vidole vyake kulikuwa na kitu kinang'aa.

Sarafu.

Mungu si Athumani, Kagwiria alijiambia. Mashahidi wamejileta wenyewe. Alisukuma mlango, akatoka karibu akikimbia, na wote waliokuwa stooni wakamfuata.

"Karibuni, akina mama," aliita. "Mmetoka wapi?"

"Ishiara," yule wa sweta alisema. Hakutoa mkono wa salamu. "Naitwa Ednah. Sisi ni kikundi cha wauza ndengu. Tulivuna msimu mzima, tukauza ndengu yote, tukanunua hizi takataka. Sasa zinaota kutu kama jembe."

"Hata hapa ni hivyo hivyo," Kagwiria alisema, moyo ukimpanda. "Hamjapotea. Mwenyewe yuko hapa. Ni huyu wa koti nyeusi."

Ednah alimwangalia Antony kutoka kichwani mpaka viatuni.

"Huyo?" alisema. "Huyo hatuna haja naye. Huyo alikuwa anabeba boksi, ati ametumwa na kampuni."

"Anabeba boksi?"

"Si nilikuwa dereva tu, akina mama," Antony alisema. Alisema hivyo bila kupepesa, mikono amefumbata kifuani kama mtu aliye kanisani. "Mnanikumbuka. Niliwasaidia hata kushusha viti."

"Tunakumbuka," Ednah alisema. "Sisi tunataka mwenye kampuni, tumeambiwa ni wa boma hili." Alitoa karatasi kwa sweta, akaikunjua. "Iko hapa. Jina, sahihi, muhuri, namba ya simu. Kila risiti ni hivyo. Watu wa kusajili kampuni walituonyesha hata kwa kompyuta, mkurugenzi ni mmoja. Makandi Mbaabu."

Watu waliokuwa chini ya hema walishusha sahani.

Wewe mama unayesoma hii, shika hapo. Umemuuliza binti yako anampenda nani, umeuliza kabila, umeuliza kanisa. Umemuuliza ametia sahihi wapi?

Kagwiria alielewa yote mara moja, kama mtu anayeona shimo akiwa ameshaanguka. Antony hakuja Laare kuoa msichana. Alikuwa anaoa jina. Jina safi la msichana wa kanisa, anayekaa mtaa wa Majimbo na kuuza dawa za ng'ombe mjini Embu, ambaye hajawahi kumnyima mtu salamu. Na siku watu wakianza kulia, wangemtafuta mwenye jina, na mke hamshtaki bwana yake.

"Kwa hivyo," Ednah alisema, akitazama nyuso za watu mmoja mmoja, "Makandi ni nani hapa?"

Ednah alirudi kwa Kagwiria. "Mama, wewe unaonekana mtu wa ukweli. Tuambie."

Na kweli, mchana wote Kagwiria alikuwa amepigania ukweli. Alikata kamba kwa ajili yake, akaitwa mwizi kwa ajili yake. Ulikuwa bado umekaa kwa ulimi.

"Makandi hayuko," alisema. "Ameenda Meru."

"Ameenda Meru siku ya kuombwa?"

"Ameenda. Atarudi kesho kutwa."

Ednah hakubishana. Alitoa simu, akasoma namba kwenye risiti, akabonyeza.

Simu ikalia ndani ya kitenge cha kijani.

Ililia mara moja, ikalia mara mbili. Mbaabu alisogea, akasimama mbele ya mtoto wake, mkono bado una ule ukijani. Lakini Makandi alimzunguka baba yake taratibu. Alitoa simu, akaiweka kwenye sikio, akatembea mpaka alipokuwa hatua tatu kutoka kwa Ednah.

"Ndiyo," alisema kwa simu, akimwangalia Ednah machoni. "Ni mimi Makandi."

"Mama yako ametudanganya," Ednah alisema, naye pia kwa simu, kama mtu asiyejua aikate vipi.

"Alikuwa ananificha. Msimlaumu." Makandi alishusha simu. "Antony aliniletea fomu, akasema ni za kazi mpya, mimi nitakuwa karani. Nikatia sahihi. Juzi Alhamisi nilipigiwa na mwalimu mmoja, akaniita mwizi, nikadhani amekosea namba. Usiku huo Antony akaniambia nikifunga mdomo tukaoana, atalipa kila mtu. Nikikataa, yeye hayuko kwa karatasi yoyote, ni mimi peke yangu."

"Na ungeniambia lini?" Kagwiria alisema.

"Leo. Baada ya chakula." Sauti yake ikavunjika. "Lakini wewe ukakata kamba, Mama."

Wanawake wa Ishiara waliangaliana. Mmoja alisema kwa Kimbeere kwamba huyu ni mtoto tu. Mwingine akasema mtoto ana mikono ya kutia sahihi. Ednah alikuwa anakunja ile risiti, anaikunjua, anaikunja.

"Kama ni hivyo," alisema mwishowe, "huyo dereva aje aseme mwenyewe, mbele yetu sote. Tumsikie. Yuko wapi?"

Wote waligeuka.

Pale Antony alipokuwa amesimama hapakuwa na mtu. Pale Nyamu alipokuwa, hapakuwa na mtu.

Nyuma ya hema, gari liliwashwa.

"Mshikeni," Koome alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa upande wa Kagwiria. Lakini vijana walikuwa mbali, na wazee hawakimbii. Gari jeusi lilitokea kati ya viti, likaangusha meza ya soda, wageni wakaruka huku na huku. Antony alikuwa kwa usukani. Nyamu alikuwa kando yake, ameshika kofia.

Kagwiria hakuwa na hesabu nyingi kichwani. Alikuwa na moja. Huyo mtu akitoka kwa hilo geti, ametoka na ushahidi wote. Kutabaki karatasi, na kwa karatasi kuna jina moja tu.

Alikimbia. Alipoteza kiatu kimoja hapo kwa mawe, akaendelea. Geti lilikuwa wazi pande zote mbili kwa ajili ya wageni, na bawaba ya kushoto ni mbovu, haifungiki bila wanaume wawili. Hiyo aliijua. Hakujaribu kufunga.

Alikaa.

Alikaa chini katikati ya geti, kwenye vumbi, akanyoosha miguu mbele kama anavyokaa kila asubuhi akichagua miraa, akaweka kisu pembeni, akaweka mikono juu ya mapaja.

"Mama, toka hapo," Makandi alilia kutoka mbali. "Mama."

Mbaabu alikuwa anakimbia. Ednah alikuwa anakimbia. Hakuna aliyekuwa karibu.

Kagwiria aliangalia kioo cha mbele cha lile gari, akamtafuta Antony usoni, akampata. Aliona macho yake vizuri. Aliona kwamba na yeye amemwona.

Na gari halikupunguza mwendo.